Kichatu njiti: joto kwanza, chakula kitafuata

Kabla hujauliza atakula nini, mpime. Mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja inatosha: weka kopo lenye mfuniko juu yake, irudishe kwenye sifuri, mtie nyoka, soma. Chatu mpira (ball python) aliyeanguliwa vizuri huwa na gramu 50 hadi 80 hivi. Akiwa chini ya 45 mimi namwita njiti, kwa sababu shida yake ya kwanza ni ileile ya mtoto njiti wodini: baridi, na kushikwashikwa na watu wanaompenda.

Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Leicester, Uingereza, na nyoka wangu wako kwenye chumba ambacho mume wangu haingii. Kwetu tukisema chatu tunamaanisha yule wa kumeza mbuzi. Huyu wa Ghana, Togo na Benin, anayepatikana hadi pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, ni mfupi na mpole. Ukimtisha anajikunja duara na kuficha kichwa katikati. Pale Ouidah, Benin, wana hekalu lao kabisa. Watu wa kule hawamwogopi, wanamheshimu.

Wadogo kupindukia huja kwa njia kadhaa. Kuna pacha waliogawana yai moja, kuna mama anayetaga kwa mara ya kwanza na mayai yake madogo, na kuna mayai yaliyokauka kidogo kabla ya kuanguliwa. Ukubwa peke yake si ugonjwa. Mgeuze taratibu umtazame tumboni: kitovu kinatakiwa kiwe kimefunga. Kama bado kuna kiini cha yai kinachoning'inia, usikikate wala kukivuta. Mweke juu ya karatasi ya jikoni yenye unyevu, kwenye joto, umwache kikauke chenyewe. Pale penye wekundu au harufu, ni daktari wa wanyama anayejua reptilia, na ni leo, si Jumatatu.

Sasa nyumba yake. Watu hununua tangi kubwa la kioo lenye matawi na taa, halafu wanashangaa nyoka hatoki mafichoni na hali. Porini huyu hukaa kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, mahali pa kumbana ubavu huku na huku. Njiti mpe boksi la plastiki la lita tano au sita lenye mfuniko unaobana, ulilolitoboa matundu pembeni. Ndani tandika karatasi ya jikoni, si vumbi la mbao. Utaona kinyesi mapema, na hatameza takataka pamoja na chakula. Weka vificho viwili vidogo, kimoja upande wa joto na kimoja upande wa baridi. Kikopo cha kuoteshea miche ukikipindua na kukikata kamlango kinafaa kuliko kile cha bei mbaya dukani. Bakuli la maji liwe zito na la kina kifupi.

Mkeka wa joto ukae chini ya theluthi moja ya boksi, nje, na uendeshwe na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto. Bila themostati usiwashe, maana mkeka mtupu unaweza kumuunguza tumbo naye amelala juu yake bila kuondoka. Upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 32 za selsiasi, upande wa pili 25 hadi 27, na unyevu wa hewa kama asilimia 65 hadi 75. Ukiona ukungu mwembamba kwenye pembe moja ya mfuniko, uko sawa. Ukiona maji yanatiririka, toboa matundu zaidi. Karatasi iliyolowa siku nzima huozesha magamba ya tumbo.

Kisha mfunike umwache. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Kijana mmoja alinipigia simu: "Shikamoo mama, nyoka wangu ameanguliwa juzi, gramu 34, na hataki kula." Marahaba mwanangu, nikamwambia, hatakiwi kula. Bado ana akiba ya kiini cha yai tumboni. Subiri ajivue gamba lake la kwanza, kwa kawaida kati ya wiki moja na mbili. Utaona macho yameingia ukungu wa kibuluu, kisha yamerudi kung'aa, na baada ya siku chache gamba liko pembeni mwa boksi. Likagueni vizuri hilo gamba: vile viwambo viwili vya macho viwemo. Likitoka vipandevipande, hewa ilikuwa kavu.

Siku mbili tatu baada ya hapo ndipo mlo wa kwanza. Kipimo changu ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Kwa huyo wa gramu 34, ni kitoto cha panya mdogo (mouse) cha gramu tatu na nusu hadi tano, kilichoanza kuota vinyoya. Kitoto cha panya mkubwa (rat), hata cha siku moja, kinaweza kumzidi. Huku tunanunua waliogandishwa. Kiyeyushe usiku kwenye friji, kisha kitie kwenye mfuko wa plastiki na kuuzamisha kwenye maji ya nyuzi 40 hivi kwa dakika kumi. Maikrowevu hapana kabisa: inapika ndani huku nje pabaridi, na panya hupasuka. Kikaushe. Halafu chovya kichwa tu kwenye maji ya moto zaidi sekunde chache, kwa sababu mdomoni chatu ana vishimo vinavyohisi joto, na kichwa chenye moto ndicho atakachokilenga.

Fanya hivyo jioni, taa zimezimwa, ubaki na mwanga wa ukumbini. Shika kwa koleo refu, si vidole. Sogeza polepole hadi mlangoni pa kificho, tikisa kidogo, simama. Ulimi ukianza kutoka na kuingia haraka haraka na shingo ikajikunja kama herufi S, usipumue. Akikamata na kujiviringisha, toka chumbani. Akirudi nyuma, usimfukuze na panya usoni. Kiweke kwenye mlango wa kificho, funga, rudi asubuhi. Kikiwa bado kipo, kitupe, usikigandishe tena.

Amekataa? Ngoja siku tano ndipo ujaribu tena. Safari hii mtie kwenye kikopo kidogo chenye matundu pamoja na huyo panya aliyepashwa, ukiweke upande wa joto usiku kucha. Kubanwa kunawaamsha wengine. Wafugaji wengi wa Marekani huanza na kitoto kilicho hai ambacho macho hayajafunguka; mimi sipendi, ila sibishani nao, kuna vichatu ambavyo havisikii kingine.

Kumlisha kwa kumsaidia, yaani kumpenyezea kichwa cha panya mfu mdomoni mpaka meno yanase, kisha kumweka chini na kutulia kama jiwe, ni hatua ya mwisho. Fikiria jambo hilo akipungua asilimia kumi ya uzito wake, na mara ya kwanza afanye mtu aliyewahi kufanya, wewe ukiangalia. Kusukuma chakula hadi kooni ni kazi ya daktari.

Akishakula usimguse saa 48. Akitapika, maji tu kwa siku 10 hadi 14, kisha mlo wa nusu ya ule. Ngozi ikikunjamana na macho yakididimia, amekaukiwa: mwogeshe kwenye maji ya vuguvugu yasiyopita unene wake, robo saa, ukiwa hapo hapo. Mdomo wazi, mapovu au mluzi anapopumua, ni daktari. Nawa mikono kila mara, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike. Reptilia hubeba bakteria wa salmonela.

Kwa mnaosoma mkiwa nyumbani Tanzania au Kenya: kufuga chatu kunahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori, na kumvusha mpaka kunahitaji hati za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwani chatu wote wamo kwenye orodha zake.

Mpime mara moja kwa wiki, siku ileile, kabla ya mlo, na uandike. Mlo kila siku tano hadi saba. Akifika gramu 100 na anakula bila kubembelezwa, mhamishie boksi la lita kumi lenye vificho vinavyombana vilevile. Akigoma kula kule, mrudishe kwenye boksi la zamani mwezi mmoja, kisha jaribu tena.