Unaenda kuishi Geoje? Soma hii mbele ya kupanda ndege

Bandugu ba Goma, kama umepata kontra ku shantie ya meli kule Geoje, Korea Kusini, ama bwana yako njo ameipata na wewe unamufuata, sikia.

Geoje ni kisiwa. Shantie ya Samsung iko Gohyeon, Hanwha Ocean, ile ya zamani Daewoo, iko Okpo, basi tafuta nyumba upande wa kazi. Mbele ya siku 90 kuisha ujiandikishe ku imigrasio, bakupe kadi ya kuishi, bila ile banki na telefone vitakusumbua tu.

Takataka njo kazi ya kweli! Usitupe mu saseti yoyote, unanunua ile ya serikali ku butike, mabaki ya chakula mbali, chupa mbali, karatasi mbali, na bamama ba jirani banaangalia, haki ya Mungu, bale hawalale.

Chakula sasa. Sombe usahau, lakini ku soko utakuta tusamaki tudogo twa baharini twa kukausha, sawa sambaza yetu ya ziwa Kivu, osha, kaanga na kitunguu, nyanya na pilipili, nyumba yote itanukia Kivu. Unga ya bugali agiza ku intaneti.

Kutembea: Google Maps haisaidie sana kule, weka Naver Map. Busan, muji mukubwa wa karibu, unaenda na bisi, tangu 2010 kuko daraja na tunele chini ya bahari. Ukikwama na makaratasi piga 1345, njo telefone ya imigrasio, banajibu mu luga mingi.