Somo: Chawa wa kichwani, na namna ya kuwamaliza nyumba nzima

Dawa ya chawa ikipakwa mara moja tu, chawa hurudi. Sababu ni mayai. Chawa jike hutaga mayai 6 hadi 10 kwa siku, na kila yai huligandisha kwenye unywele, karibu kabisa na ngozi ya kichwa, kwa gundi isiyotoka kwa maji wala sabuni. Dawa nyingi huua chawa lakini hazifiki ndani ya yai. Yai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 9, na kinda huhitaji wiki moja au zaidi kabla naye hajaanza kutaga. Hatua zote zinazofuata zimepangwa juu ya hesabu hiyo.

Jengine la kujua mapema: chawa haruki wala hapai. Hutembea kutoka kichwa hadi kichwa vinapogusana, watoto wanapolala mkeka mmoja au wanapoinamia juzuu moja chuoni. Nywele safi hupata chawa sawa na chafu, kwa hiyo mtoto asisemwe.

Hatua ya 1: Hakikisha ni chawa

Kujikuna peke yake si ushahidi. Kinachowasha ni mate ya chawa, na mtu anayewapata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku tayari anawaambukiza wenziwe. Na anayejikuna sana huenda ana mba tu.

Mkalishe mtoto barazani penye mwanga. Lowesha nywele, tia kondishna ya kutosha, kwanza zifungue kwa chanuo la meno mapana, kisha pitisha kitana cha chawa, kile ambacho meno yake yamekaribiana hata unywele unapita kwa shida. Anzia ngozini, vuta hadi ncha, futia kitana kwenye kitambaa cheupe, tizama. Chawa mzima ana ukubwa wa punje ya ufuta, rangi ya kijivu au kahawia. Hukimbia mwanga, ndiyo maana kumtafuta kwa macho kwenye nywele kavu mara nyingi humpati.

Mayai yatizame nyuma ya masikio na kisogoni. Mba ukizigusa huanguka. Yai halitoki mpaka ulivute kwa kucha. Lililo mbali na ngozi zaidi ya sentimita 1 kwa kawaida ni ganda tupu, maana nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Ukikuta maganda tu na hakuna chawa anayetembea, usipake dawa. Rudia kukagua baada ya siku chache.

Hatua ya 2: Wote siku moja

Kagua kila kichwa ndani ya nyumba. Wapakwe dawa waliokutwa na chawa pamoja na wanaolala nao kitanda kimoja, siku hiyo hiyo. Anayesahauliwa sana ni bibi anayelala na wajukuu, na msaidizi wa nyumbani.

Hatua ya 3: Dawa

Duka la dawa uliza permethrini ya asilimia 1 ya nywele. Ile ya asilimia 5 ni krimu ya upele, usichanganye. Kichupa cha mililita 50 hadi 60 kinatosha kichwa kimoja chenye nywele za mabegani. Nywele ndefu au nzito huenda zikataka viwili.

Hapa ndipo wengi kwetu hukosea: mafuta ya nazi. Nywele zenye mafuta huzuia dawa isishike, na kondishna vile vile. Fumua misuko yote, osha kwa shampuu ya kawaida mpaka mafuta yatoke, kausha kwa taulo zibaki na unyevu tu. Mpe mtoto kitambaa afunike macho. Paka dawa kuanzia ngozini, hasa kisogoni na nyuma ya masikio, mpaka nywele zote zirowe. Subiri dakika 10 kwa saa, kisha suuza kichwa kikiwa kimeinamishwa kwenye beseni, si mwili mzima ukiwa chini ya maji. Usioshe tena kwa shampuu kwa siku 1 hadi 2.

Kama kikaratasi cha dawa yako kinasema muda mwengine, fuata hicho. Dimetikoni ya asilimia 4, kwa mfano, hukaa saa 8.

Hatua ya 4: Kitana

Mimi naipa hatua hii uzito kuliko dawa yenyewe. Gawa nywele mafungu madogo, bana kila fungu, chana moja moja kutoka ngozini. Nywele za kipilipili zitataka mafungu membamba zaidi na subira. Ukilazimisha, utamuumiza mtoto na meno yatapinda. Rudia kila baada ya siku 3 au 4 kwa wiki 2. Siku hizo kondishna inaruhusiwa, isipokuwa kabla ya dawa ya pili.

Asiye na fedha ya dawa anaweza kutumia kitana na kondishna peke yake: siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, bila kuruka hata moja. Chawa akionekana siku ya 13, endelea.

Hatua ya 5: Nguo na matandiko

Usijichoshe. Chawa akitoka kichwani hufa ndani ya siku 1 hadi 2. Foronya, mashuka, taulo, mitandio na ushungi wa skuli vilivyotumika siku 2 zilizopita, vifue kwa maji ya moto. Vitana vitumbukize kwenye maji ya moto dakika 10. Kofia ya viua isiyostahamili maji ya moto iweke ndani ya ndoo yenye kifuniko wiki 2. Godoro halina haja ya kuchomwa, wala chumba kupigwa dawa.

Hatua ya 6: Dawa ya pili

Baada ya siku 9. Uliyepaka Ijumaa, utarudia Jumapili ya wiki ya pili. Ukiwahi sana, kuna mayai hayajaanguliwa. Ukichelewa, makinda yamekua na yameshataga.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Wete: Bibi yetu anashikilia tutie mafuta ya taa, anasema zamani ndiyo dawa. Nimjibu vipi?

*Jibu:* Mwambie kwa adabu, lakini usikubali. Mafuta ya taa huunguza ngozi, mtoto akiyavuta yakaingia mapafuni ni hatari, na jikoni kuna moto. Dawa ya kupulizia mbu na dawa ya shambani pia haziwekwi kichwani kamwe. Bibi mpe kazi ya kuchana. Jicho lake la kutafuta chawa huenda likakushinda.

Kutoka Mwanakwerekwe: Je, udhu na josho havitoi dawa?

*Jibu:* Kupaka maji kichwani kwa udhu hakuna tatizo. Kinachoondoa dawa ni kuosha kwa shampuu na sabuni. Kama unajua josho liko karibu, oga kwanza ndipo upake.

Kutoka Chake Chake: Nimepaka jana usiku, leo asubuhi bado wanatembea.

*Jibu:* Tizama mwendo wao, dada. Baada ya saa 8 hadi 12, wakiwa wazito na wengine wamekufa, dawa inafanya kazi. Watoe kwa kitana na usipake tena sasa. Wakiwa wepesi kama mwanzo na hakuna aliyekufa, ama nywele zilikuwa na mafuta, ama chawa hao wameizoea dawa hiyo. Usiongeze kipimo. Uliza mfamasia dawa ya aina nyengine. Kuwashwa peke yake kunaweza kuendelea wiki nzima au zaidi hata chawa wakiisha.

Kutoka Mkoani: Mtoto wangu wa kike ana miaka 7. Nimnyoe?

*Jibu:* Kunyoa kunamaliza, na kwa mtoto wa kiume ni njia rahisi. Kwa binti aliyeanza skuli mara nyingi huwa ni aibu ya miezi, na ukinyoa yeye tu ukawaacha nduguze, chawa watamngoja. Kitana kwanza.

Kutoka Bububu: Nina mchanga wa mwezi mmoja, na kaka yake ana vidonda kisogoni vinavyotoa maji.

*Jibu:* Mchanga wa chini ya miezi 2 asipakwe permethrini. Mchane tu kwa mkono mwepesi. Huyo kaka mpeleke kituo cha afya kabla ya dawa yoyote. Kidonda chenye usaha, tezi za shingo zilizovimba au homa ni dalili kwamba ngozi imeingia vijidudu kwa kukunwa, na hivyo vina matibabu yake. Mkate kucha leo.