Imani ya Wananchi kwa Polisi, Mahakama na Bunge: Jinsi ya Kuipima kwa Dodoso

Swali la imani ni rahisi kuuliza. Ugumu ni kupata jibu ambalo mhojiwa angempa jirani yake. Utaratibu ninaoufuata unafanana kwa sehemu kubwa na wa Afrobarometer, mtandao wa utafiti unaokusanya maoni ya Waafrika tangu 1999, Tanzania na Kenya zikiwemo.

Hatua ya 1: Tenganisha taasisi

Usiulize "Unaiamini serikali?" Mtu anaweza kumwamini Rais, akamtilia shaka diwani, na polisi asitake hata kuwasikia. Uliza moja moja: Bunge, tume ya uchaguzi, halmashauri, polisi, mahakama. Mimi husoma hivi: "Una imani kiasi gani na mahakama: huna kabisa, kidogo tu, kiasi, au sana? Au hujasikia vya kutosha kuweza kusema?" Kipande hicho cha mwisho usikikate. Kisipokuwepo, mama ambaye hajawahi kufika mahakamani atasema "kiasi" ili mmalize.

Baadaye kwenye dodoso, uliza yaliyomkuta: katika miezi 12 iliyopita alikwenda polisi? Alihudumiwa? Aliombwa chochote? Maswali ya rushwa yakitangulia, yatamtonesha kidonda, na imani itashuka kwa sababu ya mpangilio wako tu.

Hatua ya 2: Sampuli

Watu 1,200 waliochaguliwa kwa nasibu wanatosha kwa nchi nzima, hata Tanzania yenye watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022. Kosa la sampuli, yaani kiasi ambacho jibu la hao waliohojiwa linaweza kupishana na la nchi nzima, huwa takriban asilimia 3 juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 (mara 95 kati ya 100). Ukifikisha 2,400, linashuka hadi 2. Ila usichomoe wilaya moja humo ukaitolea hukumu. Watu wake ni wachache mno.

Hatua ya 3: Nyumba na mtu

Nyumba isichaguliwe na mwenyekiti wa mtaa wala na uchovu wa mhojaji. Tumia tarehe: leo ikiwa 14, jumlisha 1 na 4, ingia nyumba ya tano upande wa kulia. Ndani, orodhesha watu wazima wa jinsia iliyo zamu (mwanamume na mwanamke hupishana kila mahojiano), kisha kadi zichanganywe na mmoja achotwe. Aliyechotwa akiwa shambani, rudi jioni. Ukimchukua shemeji aliyekaa barazani kwa kuwa yupo, utafiti wako utakuwa wa watu wanaoshinda nyumbani.

Hatua ya 4: Woga

Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika. Barua ya kibali mwonyeshe mtendaji, mshukuru, kisha umwombe asifuatane nawe. Akikaa kwenye mkeka mmoja na mhojiwa, majibu kuhusu viongozi wa mtaa yatakuwa ya heshima tu.

Mwisho wa mahojiano uliza: "Unadhani nani ametutuma?" Hata ukishajitambulisha vizuri, wengi watajibu "serikali". Uchambuzi wa data za Afrobarometer umeonyesha kwamba wanaodhani hivyo hutaja imani kubwa zaidi, hasa kwenye nchi zenye utawala wa kimabavu. Kwa hiyo wachambue kando wanaodhani ni serikali na wasiodhani hivyo.

Kwa swali zito zaidi, tumia mbinu ya orodha. Gawa wahojiwa nusu kwa nusu kwa nasibu. Kundi la kwanza lisomewe mambo manne ya kawaida, la pili yaleyale manne na la tano: "Nawaogopa polisi." Kila mtu ataje idadi tu ya yanayomhusu, bila kusema yapi. Tuseme wastani wa kundi la kwanza ni 1.9 na la pili 2.3: tofauti ya 0.4 maana yake asilimia 40 hivi wanawaogopa polisi, na hakuna aliyelazimika kulitamka. Mbinu hii huhitaji wahojiwa wengi. Kwa watu 200 usiijaribu.

Hatua ya 5: Kusoma matokeo

Ukijumlisha "kiasi" na "sana" kuwa "wenye imani", liandike hilo waziwazi, maana watu wa "kiasi" ndio hubadilika haraka. "Hujasikia vya kutosha" ibaki na safu yake kwenye jedwali.

Na usiione imani ndogo kuwa kasoro ya wananchi. Aliyeombwa hela kituoni ana sababu ya kutoamini. Weka jedwali la imani kando ya lile la yaliyowakuta, taasisi kwa taasisi, kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya ripoti.