Kupima viyeyushi kwenye maji taka ya kiwanda bila kulipa mara mbili

Nimelipia kipimo hiki mara mbili ndani ya wiki tatu, na cha kwanza kiliishia kwenye sinki la maabara. Kama kiwanda chenu kinatumia thina, toluini au asetoni, na mnaomba kibali cha kutiririsha maji taka kwa Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, soma kabla hujatuma mtu.

Barua ya kuiomba maabara ikupimie haina maajabu: kichwa cha kampuni, mhuri, sahihi. Ila usiandike "kupima maji taka" ukaishia hapo, utapimiwa BOD na COD tu, yaani oksijeni inayohitajika kuvunja uchafu kwa ujumla. COD itakuambia kuna uchafu, haitakuambia ni toluini. Taja viyeyushi kimoja kimoja, na uliza kama mashine ya gesi kromatografia, ile inayotenganisha kiyeyushi kimoja na kingine, inafanya kazi wiki hiyo. Mimi sikuuliza.

Ukipewa kontroo namba, lipa, lakini usichote maji bado. Chukua kwanza chupa za maabara. Mimi nilijaza chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, nikampa bodaboda. Akakaa kwenye foleni ya Tazara saa sita mchana. Dada wa mapokezi aliitazama, akamtazama bodaboda, akasema, "Kaka, hii si ya kupima." Hela haikurudi.

Alikuwa sahihi. Dikloromethani, kiyeyushi kingine cha viwandani, inachemka kwenye nyuzi 40 hivi, na jua la Dar unalijua. Ukiacha hewa juu ya maji, kiyeyushi kinahamia kwenye hewa hiyo, na ukifungua kizibo kinakuaga. Plastiki nayo inanyonya toluini.

Chupa zinazotakiwa ni za glasi, mililita 40, kizibo chenye utando wa tefloni. Ndani mara nyingi kuna matone ya tindikali: usizisuuze! Fundi wetu, kwa usafi wake, alitaka kuanza na hilo. Chota kwenye mfereji wa kutokea, taratibu bila kutibua, na usichanganye maji ya saa tofauti kwenye ndoo moja. Jaza mpaka maji yavimbe mdomoni, funga, pindua chupa kichwa chini, igonge kidogo. Ukiona kiputo kinapanda, rudia na chupa nyingine. Nilirudia mara tano. Jaza mbili au tatu kwa kila sehemu.

Maabara ikikupa chupa iliyokwisha kufungwa na maji safi ndani, isafiri na chupa zako bila kufunguliwa. Ndiyo itakayoonyesha kama uchafu umeingia njiani.

Weka kwenye kulboksi yenye barafu, nyuzi 4 hivi. Ikiwa na tindikali na baridi, sampuli inavumilia siku 14. Hata hivyo usipeleke Ijumaa mchana, mpokeaji atakuwa keshaondoka na ufunguo wa jokofu.

Siku ya majibu, kagua jina la kampuni kabla hujatoka mlangoni. Letu lilipungua herufi moja, na kuirudisha kulinigharimu siku nne na barua nyingine yenye mhuri.