Altrasaundi imeonyesha kasoro kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni, unafanyaje sasa

Umeenda kupiga altrasaundi ya miezi mitano ukiwaza jinsia tu, mara dokta kanyamaza, anarudisha kile kidude palepale mara ya tatu, afu anakwambia "kuna kitu hapa kwenye ubongo". Ukifika hapo usitoke bila ripoti ya maandishi yenye namba, mana maneno matupu ndo yanaua watu kwa presha.

Namba ya kutafuta kwanza ni milimita za ventrikali, yani vile vyumba vya maji ndani ya ubongo, kupanuka kwake ndo kitu kinachoonekana mara nyingi. Kawaida ni chini ya milimita 10. 10 mpaka 12 imepanuka kidogo, 13 mpaka 15 wastani, ikizidi 15 hiyo ni kubwa. Sasa unakuta mtu ana 11, kafika nyumbani kaambiwa na majirani kwamba mtoto ana kichwa maji, analia wiki nzima, wakati hiyo 11 kama iko peke yake watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wanakua vizuri tu.

Hilo "peke yake" ndo swali la pili na kwangu mimi ndo swali lenyewe: kasoro iko peke yake au ina wenzake? Uliza kama wameiona korpasi kalosamu, lile daraja linalounganisha ubongo wa kulia na kushoto, uliza ubongo mdogo wa nyuma, moyo, figo, uso. Na uti wa mgongo usiusahau, mana mgongo wazi mara nyingi unajitangazia kichwani kabla ya mgongoni: fuvu linabonyea mbele likakaa kama limao, ubongo mdogo unajikunja kama ndizi, na madaktari wenyewe wanaita hivohivo limao na ndizi.

Kama kuna uwezekano wa MRI ya mtoto tumboni, yani picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku, ulizia. Haina mionzi, ila kabla ya wiki 20 haisaidii sana kwa sababu mikunjo ya ubongo inakuja baadae, ndo mana pia altrasaundi inarudiwa baada ya wiki chache na unaweza kukuta milimita zimepungua, zimebaki palepale au zimepanda. Muelekeo huo unasema mengi kuliko picha moja.

Vipimo vya chanzo: damu ya mama kuangalia sitomegalovirusi (kirusi) na toksoplasma (kimelea), maambukizi yanayoweza kumfikia mtoto tumboni, na maji yanayomzunguka mtoto, yanavutwa kwa sindano kuanzia wiki ya 15, kuangalia kromosomu, yani vibeba urithi vya mtoto. Sindano ina hatari ndogo ya mimba kutoka, waambie wakueleze kabla hujasaini kitu.

Zipo kasoro ambazo hazina cha kusubiri. Fuvu na ubongo kutoumbika kunaonekana hata wiki 11 mpaka 14, na mtoto wa hivo haishi, kukudanganya hapa itakua ukatili. Kwa nyingine omba kukaa na dokta wa upasuaji wa ubongo wa watoto kabla hujajifungua, muulize utazalia wapi, kwa njia gani, kichwa kikiwa kikubwa itakuaje, mtoto akitoka anapimwa nini siku ya kwanza. Nenda na mtu, yeye aandike, we utakua husikii nusu ya maneno.

Na kama ilikua mgongo wazi au fuvu kutofunga, mimba ijayo dozi ya foliki asidi sio ile ya kawaida ya maikrogramu 400, ni miligramu 4 au 5 kwa siku kwa maagizo ya dokta, na unaianza kabla hujashika mimba, mana mrija wa ubongo na mgongo unafunga ndani ya siku kama 28 tangu mimba itungwe, kipindi ambacho wengi ndo kwanza wanashangaa siku zao zimechelewa.