Kumtenga mgonjwa anayekohoa kwenye kituo kidogo

Nimetoka kumsaidia sista mmoja wa kituo cha afya huku pwani ya Lindi kuandaa chumba cha mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu. Nayaandika kwa wenzetu wasio na wodi maalumu.

1. Tangu mapokezi, mvalishe barakoa ya kawaida na umkalishe nje kivulini. Asipange foleni na wajawazito.

2. Chagua chumba. Hapa msiwe na haraka. Vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani kwa saa kadhaa, hivyo kusogeza kitanda mbali hakutoshi. Wengi huchukua chumba cha mwisho wa korido, wakafungua dirisha, wakaridhika. Lakini upepo wa kusi ukivuma, dirisha linalotazama bahari huingiza hewa; hiyo hewa humpitia mgonjwa, hutokea mlangoni na kuwafikia wanaosubiri kwenye benchi.

Washa udi, funga mlango, shika udi karibu na upenyo wa chini upande wa korido, utazame moshi. Ukivutwa ndani, vizuri. Ukisukumwa kuja kwako, tafuta chumba kingine, au tumia chenye mlango wa nje na ule wa ndani ufungwe kabisa. Pima asubuhi, mchana na usiku, maana upepo wa nchi kavu hugeuza mambo, na upime tena kaskazi ikianza.

Shirika la Afya Duniani hutaka lita 160 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Udi hauonyeshi kiasi, unaonyesha mwelekeo tu. Kwa kiasi, tafuta madirisha mapana yanayotazamana. Kiyoyozi cha ukutani sikitaki kabisa humo: kinazungusha hewa ileile. Feni ya dari nayo huichanganya tu. Usiku mgonjwa atafunga dirisha kwa ajili ya mbu, kwa hiyo mpe chandarua mapema.

3. Mhudumu avae N95, barakoa inayochuja vijidudu vya hewani, inayobana uso. Ndevu huacha mwanya.

4. Kuvua: glovu, aproni, nawa. Toka, funga mlango, ndipo uvue N95 kwa kushika mikanda, kisha unawe tena.

5. Mgonjwa akiondoka, acha madirisha wazi kwanza. Anayeingia mapema kusafisha avae N95. Futa kwa kitambaa. Msipulizie klorini hewani, inamuumiza mapafu anayepuliza.