Somo: Kuifuata kodi yako hadi kwenye rafu ya maktaba

Leo ni hesabu kidogo na ukaidi mwingi. Tafuta kitabu cha bajeti cha halmashauri yako, cha mwaka huu na cha mwaka jana, kaa na kalamu.

Hatua ya 1: Litafute fungu. Usitarajie kulikuta neno "maktaba" ukurasa wa kwanza. Huenda limejificha chini ya elimu, utamaduni au huduma za jamii, na mishahara ya wakutubi ikawa kwenye utumishi, mbali kabisa na vitabu vyao. Zikusanye kasma hizo, yaani mistari ya matumizi kwenye bajeti, kwenye karatasi moja. Ukikuta maktaba haina kasma yake, ugonjwa umeshauona: pesa isiyo na jina hukatwa bila mtu kuulizwa.

Hatua ya 2: Tenganisha kujenga na kuendesha. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi tunapozugwa. Jengo hukatiwa utepe. Bili ya umeme haikatiwi. Sheria ya maktaba za umma ya Uingereza ya 1850 iliruhusu miji kutoza nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya mali inayolipiwa kodi. Hela hiyo iliweza kulipia jengo na watumishi, lakini vitabu, hapana! Wakangoja hadi 1855 ndipo vitabu vikaruhusiwa na kiwango kikafika peni moja, na kikomo hicho cha peni kikadumu mpaka 1919.

Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani aliyegharamia maktaba zaidi ya 2,500, aliujua mtego huo. Yeye alitoa fedha za jengo. Mji ulipaswa kutoa kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka, kutoka fedha za umma, kiasi sawa na asilimia 10 ya alichotoa. Ipo miji iliyoikataa zawadi kwa sababu ya ahadi hiyo. Mimi naiheshimu miji hiyo. Afadhali kukataa kuliko kupokea jengo la kutia kufuli.

Kwa hiyo chora safu mbili. Ya kwanza: mishahara, umeme, intaneti, ukarabati mdogo, vitabu vipya. Ya pili: ujenzi. Linganisha ile ya kwanza na ya mwaka jana. Jumla ikipanda huku safu hiyo ikishuka, maktaba inapungua, hata kama ukuta umepakwa rangi juzi.

Hatua ya 3: Igawe. Tuseme uendeshaji ni 240,000 za fedha yenu na kaya ni 12,000. Hiyo ni 20 kwa kaya, kwa mwaka mzima. Ni wastani tu. Kodi ikifuata thamani ya mali, mwenye jumba atalipa zaidi. Ila usigawe kwa idadi ya walioazima vitabu peke yake. Msoma gazeti, mtoto anayefanyia kazi za shule pale mezani, anayejaza fomu kwenye kompyuta, wote hawaazimi kitu. Nimeona hesabu hiyo ikitumiwa makusudi ili maktaba ionekane ghali.

Hatua ya 4: Wahi. Mwaka mmoja tulikwenda kikaoni na hoja zilizonyooka, tukapigiwa makofi. Kumbe makisio ya bajeti yalishapitishwa. Muulize karani mapema siku ya kupokea maoni ya wananchi.

Hatua ya 5: Omba jambo moja. Kasma ya vitabu vipya, au mshahara wa mkutubi mmoja. Orodha ndefu humpa diwani nafasi ya kukukubalia lile dogo kuliko yote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi vitabu vyangu nanunua. Kwa nini nilipie vya wengine?*
Sitakudanganya, ndugu yangu: huenda wewe hutaingia humo kamwe. Hoja ni kwamba kitabu kinanunuliwa mara moja, na msomaji wa arobaini haongezi gharama ila ya gundi. Wakazi wa Peterborough, New Hampshire, Marekani, walilikubali hilo mwaka 1833, wakatenga fedha za umma kwa maktaba ya bure.

*Tukitoza kiingilio kidogo tu, je?*
Ilani ya maktaba za umma ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO, ya 1994 na toleo lake la 2022, inasema huduma kimsingi iwe bure. Mimi naogopa jambo jingine: ada ikianza kuingia, mweka hazina ataipunguza kwenye fungu. Mtakuwa mmelipa mara mbili kwa huduma ileile.

*Kitabu cha bajeti wanakataa kunipa.*
Omba kwa barua, bakiza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha mfuate diwani wako.

*Watu wakisikia "kodi" tu wanasema hapana. Tufanyeje, mwalimu?*
Mji wa Troy, Michigan, Marekani, ulikuwa hivyo. Kura ya awali ya kuongeza kodi kwa ajili ya maktaba ilishindwa. Mwaka 2011 yakatokea mabango yakiwaalika watu waifunge maktaba, kisha waje kwenye sherehe ya kuchoma vitabu. Mji ukawaka kwa hasira, ndipo waandaaji wakafichua kuwa ni kejeli yao, na nyongeza ya kodi ikapita. Siwashauri muige, mnaweza kupigwa. Lakini angalia walichobadilisha: swali liliacha kuwa "kodi ipande?" likawa "maktaba ifungwe?" Nyinyi ulizeni hilo la pili, na mtaje tarehe.